Mtoto amepata chuo, sasa tumsaidie asishindwe na hofu

Kwa wazazi wa Iyula, wilayani Mbozi, mwezi Novemba una kazi mbili kubwa. Mvua za kwanza zikianza, mahindi yanatakiwa kuingia ardhini, na katika wiki hizo hizo vyuo vingi vinapokea wanafunzi wapya. Fedha ya kahawa iliyopatikana kupitia chama cha msingi inagawanywa: mbolea huku, ada kule, nauli, godoro, ndoo na viatu. Kisha siku moja alfajiri familia inakwenda Vwawa kusubiri basi linalotoka Tunduma. Begi linapakiwa, na mzazi anasema maneno ya mwisho dirishani.

Wiki hii tunaomba tuzungumze kuhusu hayo maneno ya mwisho.

Mara nyingi ni yale yale: "Unajua hali ya nyumbani. Usituangushe." Mzazi anayasema kwa upendo, na kwa hofu yake mwenyewe pia, maana fedha aliyotoa hana nyingine. Kijana wa miaka 19 anaitikia, "Sawa baba," halafu anasafiri na maneno hayo karibu kilomita 900, Mbeya, Makambako, Iringa, Mikumi, Morogoro, mpaka Dar es Salaam. Wiki chache baadaye akipata 7 kati ya 20 kwenye testi ya kwanza, maneno hayo ndiyo yatakayomzuia kupiga simu nyumbani.

Unaweza kujiuliza ukurasa wa afya unatafuta nini kwenye habari za masomo. Jibu ni kwamba hofu ya mwanafunzi mpya huingia mwilini. Hunyima usingizi, huvuruga tumbo, hukata hamu ya kula, na ikiachwa bila msaada inaweza kufungua njia ya sonona, pombe, au mawazo ya kujiua. Shirika la Afya Duniani linakitaja kujiua miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa umri wa miaka 15 hadi 29. Huo ndio umri wa watoto tunaowapandisha basi.

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa chini ya mradi wa shirika hilo, uliowahoji wanafunzi wa mwaka wa kwanza karibu 14,000 katika vyuo 19 vya nchi 8. Katika kila wanafunzi 100, wapatao 35 walionyesha kuwa wamewahi kupata dalili za angalau tatizo moja la afya ya akili, kama wasiwasi uliopita kiasi, sonona, au matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya. Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini peke yake, kwa hiyo takwimu hizo si za Mbozi na hatutaki kuzifanya kuwa zetu. Lakini zinatosha kumwondolea mzazi wazo kwamba mwanawe pekee ndiye dhaifu.

Fikiria kinachomkuta. Iyula ni baridi. Usiku analala na blanketi. Dar es Salaam anageuka geuka kwenye joto, katika chumba chenye watu wanne asiowajua. Nyumbani salamu zinaanza kwa Kinyiha, na kila anayepita njiani anajua yeye ni mtoto wa nani. Chuoni anaingia kwenye ukumbi wenye wanafunzi mamia, na hakuna anayemjua hata kwa jina. Shuleni mwalimu alikuwa akiona darasa limekwama anageukia Kiswahili, watu wanacheka kidogo, somo linaendelea. Hapa mhadhiri anaongea Kiingereza kwa saa mbili, anaonyesha picha ukutani, anaondoka. Kijana aliyekuwa wa kwanza au wa pili shuleni kwake anagundua kwamba ukumbi mzima umejaa watu waliokuwa wa kwanza na wa pili shuleni kwao.

Hata aliyepitia JKT, akaamka saa kumi usiku na kupiga kwata bila kulia, anaweza kutetemeka akiambiwa asimame mbele ya wenzake awasilishe kazi ya kikundi. Ujasiri wa kundi ni kitu kimoja. Kusimama peke yako na Kiingereza chako ni kingine.

Mwaka wa kwanza pia una maneno yake ya kutisha. Kabla hajajua maktaba iko wapi, mwanafunzi ameshasikia kuhusu "sapu", yaani kurudia mtihani wa somo ulilofeli, na "kudisko", yaani kuondolewa chuo kwa kushindwa. Wakubwa huyataja kwa utani. Mgeni huyasikia kama hukumu iliyokwisha kuandikwa.

Moyo kwenda mbio si lazima uwe ugonjwa

Mwili wa binadamu hautofautishi sana kati ya nyoka njiani na mtihani mezani. Ubongo ukiona hatari, mwili humwaga homoni ya adrenalini: moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, pumzi inakuwa fupi, tumbo linasokota, mkojo unabana kila baada ya muda mfupi. Hii ni kazi ya kawaida ya mwili wenye afya. Tatizo huanza pale nyoka asipoondoka. Hofu inapokaa siku kwa siku, mwili unachoka.

Sasa tazama kinachofuata. Kijana ana maumivu ya tumbo, kichwa kinauma, anakojoa mara kwa mara, hana nguvu. Anakwenda zahanati ya karibu na chuo na kurudi na jibu ambalo kila Mtanzania amewahi kulisikia: "Una UTI na taifodi." Anapewa dawa za kuua vijidudu. Wiki mbili baadaye yuko pale pale, anapewa nyingine kali zaidi. Kipimo cha damu cha Widal, ambacho hutumika sana kutafuta taifodi, huangalia kinga ambazo mwili umezitengeneza, na kinga hizo zinaweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona, au kutokana na kukutana na vimelea vya aina nyingine. Kwa hiyo mtu asiye na homa anaweza kuambiwa ana taifodi wakati anachoumwa ni hofu na usingizi.

Hatusemi apuuze kuumwa. Kijana aliyekulia maeneo ya baridi yenye malaria kidogo akienda kusoma mikoa yenye malaria nyingi, kama Kigoma, Geita au Mtwara, kinga yake ni ndogo kuliko ya wenyeji. Akipata homa apime malaria siku hiyo hiyo, wala asijitibu kwa kukisia. Tunachosema ni kwamba vipimo vikiwa safi na dalili zikaendelea, mtoto aulizwe swali ambalo zahanati nyingi hazimuulizi: unalala saa ngapi, unakula nini, na nini kinakuogopesha?

Swali la pili katika hayo lina uzito wake. Mkopo ukichelewa na fedha ya nyumbani ikiisha, wanafunzi "hupiga pasi ndefu": chai inarukwa, mchana unarukwa, unaliwa mlo mmoja jioni kwa mama ntilie. Mtu mwenye njaa hutetemeka, hukasirika upesi na hashiki anachosoma. Wazazi wa Mbozi wanaotuma unga na maharage kwa basi hawasaidii tumbo tu. Kwa maoni yetu huo ni msaada wa afya ya akili ulio bora kuliko mawaidha mengi.

Simu ya Jumapili

Turudi kwenye simu, maana wewe uliyebaki nyumbani hiyo ndiyo sindano yako na hicho ndicho kidonge chako. Wengi tunapiga hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Unasoma?"

"Nasoma mama."

"Soma sana. Sisi huku tunakuombea. Mtoto wa jirani yuko mwaka wa tatu anafanya vizuri kweli."

"Sawa mama."

Simu inakatwa. Mama ameridhika, na hajajua chochote. Swali la "unasoma?" lina jibu moja tu linaloruhusiwa. Nalo lile la mtoto wa jirani limefunga mlango ambao labda ulikuwa unataka kufunguka.

Jaribu maswali ambayo jibu lake haliwezi kuwa "ndiyo" peke yake. Leo umekula na nani? Anayelala kitanda cha jirani anatoka wapi? Somo gani linakusumbua zaidi? Ni kitu gani huko umekiona kigumu kuliko ulivyodhani? Akisema, "Mama, Kiingereza cha huku kinanishinda," usikimbilie kumjibu "utazoea tu" wala "kwani wenzako wanawezaje?" Mwambie, "Nieleze." Kisha nyamaza, hata kama dakika za kifurushi zinakwenda.

Baba naye apige. Katika nyumba nyingi baba huongea na mtoto aliye chuoni siku ya ada tu, na mtoto anajifunza kwamba sauti ya baba ni sauti ya fedha. Dakika tano za kuongelea mahindi yameotaje, ng'ombe amezaa, mvua imepiga wapi, zinamrudisha kijana kwao bila kumpandisha basi.

Usipige kila saa, hata hivyo. Mtoto anayeulizwa mara sita kwa siku kama yuko salama huanza kuamini kwamba hayuko salama. Wekeni siku zenu, mbili au tatu kwa wiki, zijulikane. Na akilia wiki ya kwanza akiomba kurudi, usimkaripie, lakini pia usimtumie nauli usiku ule ule. Kukumbuka nyumbani huwa kukali zaidi wiki za mwanzo, na kwa wengi hupungua kadiri wanavyopata watu wa kukaa nao. Mwombe avumilie mpaka tarehe fulani mtakayokubaliana, halafu mzungumze upya, na ikifika tarehe hiyo kweli mzungumze.

Jambo moja ni bora lifanyike kabla ya basi kuondoka. Mwambie mtoto wako kwa mdomo wako, bila mafumbo: "Ukifeli somo, mtu wa kwanza kumwambia ni mimi, na sitakugombeza siku hiyo." Wengi hawawezi kulisema kwa sababu wanaona ni kama kuruhusu kufeli. Sivyo. Tunajua sote habari za vijana walioondolewa chuo, wakaendelea kuaga nyumbani kila muhula na kupokea ada kwa mwaka mzima au zaidi kwa sababu hawakujua waseme nini. Uongo ule ulianza na somo moja. Sapu hufanywa, na watu hufaulu. Katika vyuo vingi kazi za darasani hubeba kama asilimia 40 ya alama na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo testi mbaya ya kwanza ina nafasi kubwa ya kufidiwa, ila kwa sharti kwamba mtu hajajifungia chumbani.

Mkatie kijana sehemu hii

Kama una mtoto anayeondoka wiki hizi, aya zinazofuata ni zake.

Kijana wetu, hofu hukua kila unapoikimbia. Ukikosa kipindi kwa sababu unaogopa kuulizwa, siku hiyo utapata nafuu, lakini kesho yake mlango wa ukumbi utakuwa umeongezeka uzito. Ikabili kwa vipande vidogo. Wiki ya kwanza kaa mistari ya mbele, basi. Wiki ya pili muulize mhadhiri swali moja baada ya kipindi, mkiwa wawili, hata kama umeliandika kwenye karatasi. Wiki ya tatu uliza mbele ya watu. Wachache watacheka Kiingereza chako. Wengi zaidi watashukuru kimoyomoyo, maana nao hawakuelewa.

Moyo ukienda mbio kabla ya kuwasilisha, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe taratibu kwa hesabu ya sita, mara kadhaa. Kutoa pumzi polepole huutuliza mwili, na mapigo ya moyo hushuka.

Usingoje hamu ya kusoma. Hamu huja baada ya kuanza. Kaa kimbwetani, zima data, soma dakika 25, pumzika tano. Ukimaliza mizunguko miwili umeshawapita waliokaa saa nne wakiangalia simu. Tafuta wenzako watatu au wanne wa kusoma nao, na angalau mmoja asiwe wa mkoa wako. Na ulale. Umri wako unahitaji usingizi wa saa saba hadi tisa. Ulichosoma mchana, ubongo hukipanga usiku. Kukesha kwa vinywaji vya kuongeza nguvu siku ya mtihani ni kukopa kwa riba kubwa.

Kuna utafiti wa Marekani unaotupendeza. Watafiti Gregory Walton na Geoffrey Cohen waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza masimulizi ya wakubwa wao, waliosema kwamba wao pia mwanzoni walijiona si wa pale, na kwamba hali ile ilipita. Kisha waliwataka waandike maelezo yao wenyewe kwa ajili ya wageni watakaofuata. Kazi nzima ilichukua kama saa moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wanafunzi weusi waliopitia zoezi hilo walipandisha alama zao katika miaka mitatu iliyofuata kuliko wenzao weusi ambao hawakulipitia, na hata afya waliieleza kuwa nzuri zaidi. Hawakuongezewa vitabu wala fedha. Waliambiwa tu kwamba hofu ile ni ya wengi na ina mwisho.

Kama saa moja ya ukweli inafanya hivyo huko, tunashindwa nini hapa? Wiki ya kuwapokea wageni katika vyuo vyetu imejaa kanuni, namba za malipo na vitisho vya kudisko. Tunaviomba vyuo, vikiwemo vya Mbeya vinavyopokea watoto wengi wa Songwe, viwape nafasi wanafunzi wa mwaka wa tatu waliowahi kupata sapu wasimame waeleze walivyojikwamua. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ionyeshwe kwa miguu, si kwa kutajwa tu kwenye kitabu cha mwongozo. Na pale Iyula, walio chuoni wakirudi likizo, wazazi wawakalishe na waliomaliza kidato cha sita na cha nne. Tusisahau hao wa kidato cha nne wanaokwenda vyuo vya kati vya afya, kilimo na ualimu. Wengine wana miaka 17, na hawatajwi sana katika mazungumzo haya.

Hofu inapokuwa ugonjwa

Kuna hali ambazo simu na maharage havitoshi. Mtoto akikaa wiki mbili au zaidi akiwa na huzuni karibu kila siku, haingii darasani, hali, anashinda amelala au hapati usingizi kabisa, anazima simu, ameanza kunywa ili alale, huyo anahitaji mtaalamu. Akisema maisha hayana maana, au anagawa vitu vyake na kuaga watu, usimwambie aache utoto. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini kwamba watu wote wanamfuatilia, usipoteze miezi ukitafuta ni nani aliyemwonea wivu kwa kufaulu. Skizofrenia mara nyingi hujitokeza katika umri huu huu, mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu, na matibabu yakianza mapema hali huwa nzuri zaidi. Kama familia inataka maombi, yafanyike, lakini dawa zisisubiri. Hospitali za rufaa, kama ya Kanda ya Mbeya, Muhimbili na Mirembe iliyoko Dodoma, zina wataalamu wa afya ya akili, na hospitali ya wilaya inaweza kukuandikia rufaa.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba mwanafunzi anayeumwa anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa sababu za afya na kurudi baadaye akiwa na nafasi yake. Inahitajika barua kwa chuo na ripoti ya daktari, na iombwe kabla ya mitihani, maana anayetoweka bila taarifa huhesabiwa ameacha. Kama mtoto hana nguvu ya kufuatilia, panda basi uende mwenyewe. Chukua kitambulisho, namba yake ya usajili na vyeti vya hospitali, na uulizie ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ukirudi naye Iyula, usiku ule mpe chakula alale. Majirani watakaouliza kwa nini amerudi mapema, waambie anaumwa na anatibiwa.